Wakili wa Mama wa Kambo

Jumamosi, 21 Februari 2009

Nimenunua daftari jipya. Jalada jekundu, kurasa mia mbili. Mambo makubwa yanataka kumbukumbu.

Theluji tangu alfajiri. Basi la kwenda kazini Malton lilichelewa, nami nikachelewa, msimamizi wa bohari la mizigo akanitazama kama kifurushi kisicho na anwani. Sikujali. Nilikuwa nimeshagundua ugonjwa wa familia yangu.

Ugonjwa ni huu. Mwanangu Alireza alifiwa na mkewe, Samina, miaka sita iliyopita. Aleena, mjukuu wangu wa pekee, alikuwa na miaka miwili. Sasa ana minane, na tangu Januari ana mama mpya, Sidra, aliyeshuka kutoka Dar es Salaam na masanduku mawili na koti lisiloweza kuzuia upepo wa feni. Mtu mpole, mcheshi, mchapakazi. Wanakaa ghorofa ya saba, sisi ya tisa, jengo moja hapa Mount Dennis, Toronto, kwa hiyo naona kila kitu. Aleena hamwiti chochote. Si mama, si shangazi, si Sidra. Akimtaka anamvuta mkono wa sweta. Akimtaja anasema "yule", tena kwa Kiingereza, maana mtoto huyu Kiswahili anakielewa chote na hajibu hata neno.

Juzi nilimkuta Sidra jikoni anafuta macho. Akasema ni vitunguu. Chakula kilipofika mezani kilikuwa tambi za sukari. Roho iliniuma.

Chanzo nakijua. Ni hadithi! Kila Jumapili Gulshan, mama yake marehemu Samina, anakuja kutoka Mississauga, mji wa jirani, kumsomea mtoto hadithi za kale. Na humo mama wa kambo ni nani? Ni yule anayetia sumu kwenye tofaa. Anayemsugulisha mtoto sakafu. Anayewapeleka watoto msituni na kurudi peke yake. Ningekuwa mimi ndiye Aleena, ningelala na viatu miguuni.

Kwa hiyo nitaziandika upya. Zote, kwa upande wa mama wa kambo. Lengo langu ni karamu ya mchana ya tarehe 7 Machi. Miezi ya maombolezo, Muharram na Safar, itakuwa imepita, na ndipo tutamkaribisha bibi harusi rasmi. Siku hiyo Aleena atamwita Sidra Mama mbele ya ndugu thelathini. Watu wataulizana nani kafanya kazi hii. Nitainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mke wangu Sakarbai amesema nimwache mtoto. Mwanamke mwema, lakini hana mikakati.

Jumapili, 22 Februari

Onyesho la kwanza. Nilimwahi Gulshan kwa saa nzima.

Nikamketisha Aleena kwenye kochi, nikasema paukwa. Kimya. Nikasema tena. Kimya. Sasa, sheria tuliyolelewa nayo Tanga ni moja: msimulizi asipojibiwa "pakawa", hana ruhusa ya kuanza. Mtoto ameijua sheria hiyo kwa sababu nilimfundisha mwenyewe, mjinga mimi. Akaniuliza, kwa Kiingereza, jibu lake lina thamani gani. Tukakubaliana pakiti moja ya krispi. Akajibu.

Hadithi: yule malkia mwenye kioo kinachosema. Nikaeleza kwamba malkia alikuwa mama mwenye kujali afya. Tofaa lilikuwa tofaa tu, lenye vitamini. Binti alikabwa kwa kuwa alilipapia bila kusema bismillahi. Ilinitoka vizuri sana, hata mimi nilianza kumpenda malkia.

Aleena akauliza, kama tofaa lilikuwa salama, kwa nini malkia alijigeuza kizee. Nikasema alijifunika kwa sababu ya baridi. Akauliza, kama alijua kuna baridi, kwa nini alimtuma mtoto msituni. Nikasema muda umekwisha.

Gulshan alifika na kitabu chake mkononi. Akaniuliza kwa nini mtoto ana krispi asubuhi.

Jumatatu, 23 Februari

Taarifa kutoka ghorofa ya saba. Aleena amerudisha chakula chake cha shule. Kala mkate, kaacha tofaa. Hadi jana asubuhi alikuwa anakula matofaa bila kuuliza. Leo kamwuliza baba yake kama Sidra aliliosha, kwa nini aliliosha, na alitumia nini.

Matokeo ya awali hayatoi picha kamili.

Jumatano, 25 Februari

Nimeomba ushauri kazini. Kiprotich, Mkenya tunayepakia naye mizigo, ana watoto wanne na hukumu juu ya kila jambo. Nikamsomea ya malkia wakati wa chai. Akasema kosa langu ni haraka. Mtoto hajazoea kuisikiliza hadithi kwa upande wa pili. Nianze na mtu asiyekaa nyumbani kwao. Nianze na mbwa mwitu.

Shauri zuri. Nikaandika ndani ya basi, nyuma ya karatasi za mizigo. Wale nguruwe watatu nimewafanya mbuzi, kwa sababu zinazojulikana. Mbwa mwitu ni mkaguzi wa majengo wa manispaa. Nyumba ya majani haina kibali. Nyumba ya vijiti haina kibali. Anapuliza kwa mujibu wa kanuni, kupima uimara. Na malipo yake ni kutumbukizwa kwenye sufuria ya maji ya moto, mtumishi wa umma!

Aleena alisikiliza mdomo wazi. Akajibu "pakawa" kwa krispi nusu pakiti. Mwisho wa hadithi machozi yakamlengalenga. Nikajua njia imefunguka.

Alhamisi, 26 Februari

Njia ilifunguka kweli. Aleena amewachukulia huruma mbwa wote wa jengo. Leo alasiri kaingia kwenye lifti na sahani ya sambusa za Sakarbai, kumi na mbili, za nyama, zilizokuwa zimeandaliwa kwa wageni. Kamlisha zote mbwa wa jirani wa ghorofa ya nne. Mbwa hajambo. Mwenye mbwa kapanda kuja kushukuru na kuomba aelezwe zinavyotengenezwa.

Sakarbai hasemi nami. Nimekula wali mkavu. Lakini nasema, mtoto anayeweza kumhurumia mbwa mwitu hawezi kushindwa kumpenda Sidra.

Jumapili, 1 Machi

Leo nilitoa silaha kubwa: yule binti aliyeacha kiatu kwenye ngazi za ikulu.

Mama wa kambo katika toleo langu ni shujaa. Sakafu alimfundisha kusugua ili asije akadharau kazi. Dansi alimkataza kwa sababu ilikuwa siku ya shule. Na lile gauni? Hakuna cha mzuka wala fimbo ya ajabu. Alilishona mama wa kambo mwenyewe, kwa siku moja, akajificha asipewe shukrani. Hapo nilinyamaza kidogo ili maneno yaingie.

Yakamwingia mtu mwingine. Gulshan alikuwa kasimama mlangoni muda wote. Akaniambia sina haya. Akasema hadithi za watu zimekaa miaka na miaka bila mimi kuzitia mchuzi. Nikamwambia yeye ndiye anayemtilia mtoto hofu kila wiki. Akafungua kile kitabu, akanionyesha ukurasa wa kwanza. Limeandikwa jina la Samina, kwa mkono wa kitoto, na penseli ya rangi. Akasema hasomi ili kumtisha mtu. Anasoma kwa sababu Samina alikipenda kitabu hiki, na sauti inayobaki ni hii tu.

Niliona aibu ya kweli, ya robo saa hivi. Nikampelekea chai. Akasema haina tangawizi.

Jumatatu, 2 Machi

Gauni limeleta balaa. Aleena kaelewa kwamba mama wa kambo wa kweli hushona gauni kwa siku moja. Kaenda kwa Sidra na pazia la zamani la bluu, kalibwaga miguuni pake.

Sidra hajui kushona! Hili hatukuambiwa wakati wa posa. Alijaribu hata hivyo. Nilipoteremka kwenda kuangalia, pazia lilikuwa limeshonwa pamoja na sketi yake aliyoivaa, naye hawezi kuinuka kwenye kiti. Aleena alikuwa chini ya meza, anamkatia nyuzi na mkasi wa karatasi, wote wawili wanacheka mpaka hawana pumzi. Nikasema nimeleta hadithi mpya. Hawakusikia. Nikasema paukwa kwa sauti. Sidra akasema, samahani baba, ngoja kwanza tutoke.

Nilingoja dakika ishirini. Nikaondoka. Watu hawa hawajui mambo yanayofanywa kwa ajili yao.

Jumatano, 4 Machi

Upuuzi unaendelea. Baada ya shule Aleena anamfundisha Sidra mambo ya mji. Basi gani linakwenda wapi. Namna ya kutembea juu ya barafu bila kuanguka. Namna ya kumwambia mwenye duka kwamba chenji si sahihi. Mtoto anasema kwa Kiingereza, Sidra anajibu kwa Kiswahili, na kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Wamepita chini ya dirisha letu wameshikana mikono kama bata wawili, wanakanyaga taratibu.

Muda wote huo ungetosha hadithi tatu. Nimemlalamikia Sakarbai. Kaniuliza kama macho yangu yamepimwa karibuni. Yamepimwa.

Alhamisi, 5 Machi

Siku mbili zimebaki. Hadithi nimeziweka kando, nimepata mbinu bora. Kitendawili!

Mpango uko hivi. Baada ya chakula natangaza vitendawili, kama tulivyofanya Tanga kila tukikutana. Vyepesi kwanza, kwa wageni. Halafu namgeukia Aleena. Natega: "Hakunizaa, lakini ananifunga kamba za viatu." Aleena anajibu, kwa Kiswahili, "Mama Sidra." Watu wanalia. Mimi naketi.

Nimemfundisha Aleena leo, mara tano. Nimemwahidi viatu vya kutelezea barafuni. Akasema labda. Kwa umri wake, labda ni ndiyo.

Jumamosi, 7 Machi, jioni

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Sakarbai anagonga, anataka taulo.

Kila kitu kilianza vizuri. Pilau ya nyama, kababu, kachumbari, watu thelathini na wawili. Sidra kavaa kijani, kapendeza. Gulshan alikuja na zawadi ya shali, akambusu Sidra kwenye paji la uso, jambo ambalo sikulitegemea na ambalo lilinivurugia hesabu kidogo. Baada ya halua nikasimama. Kitendawili! Wote wakaitikia, tega. Vitatu vya kwanza vikateguliwa kwa makofi. Cha nne nikamgeukia mjukuu wangu.

"Hakunizaa, lakini ananifunga kamba za viatu."

Aleena akanitazama. Akamtazama Sidra. Uso ukamwiva. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi, mara ya kwanza maishani mwake mbele za watu: "Nakupa mji."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Na mimi nikaganda, kwa sababu naijua sheria kuliko wote. Anayeshindwa kutegua, au asiyetaka, anatoa mji. Mtegaji akiupokea, lazima atoe jibu mwenyewe, wazi, kila mtu asikie.

Nikauliza mji gani, nikitumaini atataja kijiji. Akanipa Toronto. Nikasema hautoshi. Gulshan akamnong'oneza, akaongeza Mississauga. Nikasema bado. Akaongeza Dar es Salaam. Nikafungua mdomo, akaongeza Tanga. Sasa mtu wa Tanga anapewa Tanga, anaikataa vipi mbele ya watu wa Tanga? Wakapiga meza, jibu, jibu, jibu.

Nikasema Mama Sidra. Mimi, mwanamume wa miaka sitini na tatu. Binamu yangu Mohamedtaki akauliza tangu lini Sidra ananifunga kamba za viatu.

Ningecheka mwenyewe, lakini nikamwona Aleena. Hakuwa anacheka. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Akakimbilia chumbani na kufunga mlango. Kicheko kikakatika. Hapo nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote tangu nije nchi hii. Nilitaka kumfuata, Sakarbai akanishika koti.

Aliyekwenda ni Sidra. Mimi nilikwenda baadaye kidogo, kupitia tu, sikio likawa karibu na mlango. Nikamsikia Sidra akimwambia mtoto kwamba si lazima amwite kitu. Kwamba mama yake alikuwa mmoja, na jina lile ni lake. Kwamba yeye pia, angeulizwa vile mbele ya watu wote wale, angetoa mji, tena angetoa na nchi. Kisha nikasikia wanacheka kidogo, wote wawili, na pua zinapengwa.

Ona sasa! Wiki mbili za kazi, na bibi harusi mwenyewe ndiye ananitilia mchanga kitumbua changu.

Jumapili, 8 Machi

Nimeshinda kitandani. Gulshan kapiga simu kuuliza hali ya hewa katika miji yangu.

Jumatano, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilishuka ghorofa ya saba kurudisha sufuria ya pilau. Zamu yangu leo ni ya mchana. Alireza alikuwa ameshatoka. Nyumba imepinduka, mtoto kachelewa shule, buti moja mguuni, mkate mdomoni. Sidra yuko jikoni anafunga chakula. Aleena akainua mto wa kochi, akautupa. Akaangalia nyuma ya mlango. Kisha akaita, bila kugeuka, kama mtu aliyeita hivyo maisha yake yote:

"Mama, skafu yangu iko wapi?"

Sidra akasema iko juu ya hita. Basi. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyepiga makofi. Aleena akaichukua, akajifunga, akaniamkia haraka haraka, akatoka mbio kuwahi lifti. Mlango ukajifunga.

Sidra akaja sebuleni, akakaa kwenye kibao cha viatu, juu ya viatu vyenyewe. Akalia. Nami nikasimama na sufuria yangu nikalia pia. Sioni haya kuandika hivyo. Nilimkumbuka Samina, nikamwombea, na nilifurahi mpaka kifua kikauma. Sidra akaniuliza kama nimekisikia alichokisikia. Nikamwambia nimekisikia, binti yangu.

Nikapanda juu kumwambia Sakarbai. Akalia kabla sijamaliza sentensi. Kisha nikampigia Gulshan, maana ushindi usiotangazwa haujakamilika. Nikamweleza neno kwa neno. Akasema alhamdulillahi, sauti imekatika. Akasema Samina angefurahi, na kwamba yeye amefurahi. Nilikaribia kumpenda mwanamke yule.

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, ni hadithi yangu ipi iliyofanya kazi. Nikamweleza kwamba ni kama dawa ya malaria. Huwezi kusema ni kidonge kipi. Ni dozi nzima. Akasema ana kitu jikoni kinaungua, akakata simu.

Wivu ni kitu kibaya.

Jumamosi, 14 Machi

Likizo ya shule imeanza. Chai ya alasiri ghorofa ya saba, familia nzima, Gulshan pia. Nilikuwa nimekuja na hadithi mpya mfukoni, ya jitu la kwenye mharagwe, mhanga wa wizi. Sikupata nafasi. Aleena akasimama juu ya stuli, akasema leo anasimulia yeye. Akasema paukwa! Tukajibu pakawa, bila krispi.

Alisimulia kwa Kiswahili. Kilichotegukateguka, Kiingereza kidogo hapa na pale, na alipokwama alimgeukia Sidra, Sidra akampa neno. Mama hili linaitwaje. Mama lile linaitwaje. Kila alipoita hivyo Alireza aliangalia kikombe chake. Moyo wangu ulikuwa unayeyuka.

Hadithi yenyewe, ya kwake mwenyewe kabisa: palikuwa na fisi mmoja mzee, mwenye miwani, aliyekuwa na kazi moja tu, kurekebisha mambo ya wenzake bila kuombwa. Sungura akila karoti, fisi anakuja kumweleza maana ya karoti, mpaka sungura anaiogopa. Twiga na swala walipotaka kuwa marafiki, fisi aliwaandalia sherehe ya urafiki, akawasimamisha mbele ya msitu mzima, wakaona aibu, wakakimbia. Wakawa marafiki baadaye, fisi alipokuwa amelala. Alipoamka akawaona, akauambia msitu mzima kwamba ni kazi yake. Na alikuwa anasikiliza milangoni! Wanyama hawakumfukuza, akasema Aleena. Kila Ijumaa walimpelekea chakula, kwa sababu alikuwa fisi wao na walimpenda sana.

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Mtoto ana kipaji, na kipaji kinatoka upande wangu. Wengine walicheka pia, lakini kwa namna ya ajabu, wakiniangalia mimi kila mara, bila shaka kuona kama babu anajivunia. Sakarbai alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Nilielewa mara moja ni nani. Mzee, miwani, kusimama milangoni, kuingilia mambo. Ni Gulshan mtupu! Maskini, alikaa palepale anakunywa chai yake, anatabasamu, hajajitambua hata kidogo. Nilimsogelea nikamnong'oneza asivunjike moyo, watoto ni watoto. Alipaliwa na chai. Nilimpiga mgongoni.

Nimerudi juu na huruma tele. Haifai bibi wa watu kuchorwa vile na mjukuu wake mwenyewe. Mtu lazima alisimamie jambo hili. Nimefungua ukurasa mpya na nimeshaandika kichwa: Hadithi ya Fisi, kwa Upande wa Fisi. Humu fisi atakuwa mwenye busara, asiyeeleweka na wenzake, na kesho saa nne, kabla Gulshan hajafika, nitamketisha Aleena kwenye kochi.